Kabla Hujaweka Jembe Chini: Mwongozo Kamili kwa Aliyevunjika Moyo Katika Kazi ya Uaminifu

Eliya alikuwa ametoka kushinda. Moto ulishuka Karmeli, mvua ikanyesha baada ya miaka ya ukame, umati ukaanguka kifudifudi. Muda mfupi baadaye, nabii yule yule aliyesimama mbele ya manabii 450 wa Baali alikuwa jangwani, mwendo wa siku moja kutoka kwa watu, amelala chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, anaomba afe. “Yatosha,” alisema.

Mungu hakumkemea, wala hakumhubiria. Alimpelekea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Maswali yalikuja siku arobaini baadaye, pangoni katika mlima Horebu. Na kazi mpya ilikuja baada ya maswali.

Mpangilio huo wa 1 Wafalme 19 ndio niliojenga juu yake mwongozo huu: mwili kwanza, kisha maswali, kisha kazi. Wengi wetu tunaufuata kinyumenyume. Tunaanza kwa kujiuliza kama tuendelee au tuache, tukiwa hatujalala vizuri kwa mwezi mzima, na jibu tunalolipata tunaliita sauti ya Mungu. Ukibaki na jambo moja tu kutoka hapa, baki na hili: usiamue lolote kuhusu wito wako ukiwa chini ya mretemu.

Ninaposema kazi ya uaminifu simaanishi madhabahu peke yake. Namaanisha pia kumuuguza mzazi asiyekukumbuka jina, kutunza hesabu kwa haki mahali ambapo wenzako wanachota, kufundisha watoto wasiosikiliza, kuongoza maombi ya watu watatu. Maneno ya Wakolosai 3:23, “Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana,” tunayaweka ukutani maofisini, lakini soma aya iliyotangulia uone yaliandikiwa nani. Waliandikiwa watumwa. Paulo aliwaambia wafanyakazi waliokuwa na sababu chache kuliko wote za kutarajia ahsante kwamba kuna Mmoja anayeiona kazi yao.

Hatua ya 1: Ahirisha uamuzi, kisha ulale

Najua haisikiki kama jambo la kiroho. Vumilia kidogo.

Mwaka mmoja darasa la vijana nililokuwa nikifundisha lilishuka kutoka watu ishirini na kitu hadi wanne, na wawili kati ya hao wanne walikuja kwa sababu mama zao waliwasubiri nje. Usiku mmoja, saa sita, niliandika barua ya kuacha. Ilikuwa barua nzuri, aya nne, na ndani yake sikuwa na kosa hata moja. Asubuhi nilipoisoma niligundua kwamba aya tatu kati ya hizo ziliandikwa na usingizi. Sikuichana. Niliiweka kwenye droo, na nitairudia baadaye.

Fanya hivi. Chukua karatasi uandike: “Sitaamua kuacha wala kuendelea mpaka tarehe fulani,” uweke tarehe halisi, walau siku saba mbele. Wakati huo fanya kazi ya lazima tu, ile ambayo usipoifanya mtu ataumia. Mengine yasubiri. Lala saa zilezile kila siku. Kula mezani, si huku umesimama. Simu iwe mbali na kitanda, kwa sababu ujumbe wa lawama unaosomwa saa tano usiku una uzito mara tatu ya ule ule ukisomwa saa tatu asubuhi. Na siku moja kati ya hizo saba usiiguse kazi hiyo kabisa. Amri ya Sabato imo katika zile kumi, pamoja na ile ya kutoua, ingawa watumishi wengi huivunja na bado wanapongezwa.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Kama huzuni imekaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hutaki chakula au unakula kupita kiasi, usingizi umekataa, na mambo uliyoyapenda hayana ladha tena, huenda hiyo ni sonona, na sonona ni ugonjwa. Nenda hospitali au kwa mshauri nasaha kama ambavyo ungekwenda kwa mguu uliovunjika. Kwenda huko si kumkosea Mungu imani. Na kama mawazo ya kujiua yamekupitia, mwambie mtu leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Mwongozo huu unaweza kungoja.

Hatua ya 2: Jibu swali la pangoni

Baada ya kupumzika ndipo swali likaja: “Unafanya nini hapa, Eliya?” Liliulizwa mara mbili, na mara zote mbili Eliya alijibu kwa maneno yale yale: nimeona wivu kwa ajili ya Bwana, Israeli wameliacha agano, manabii wameuawa, nimesalia mimi peke yangu. Kati ya majibu hayo mawili ulipita upepo wa kupasua milima, tetemeko, moto, na sauti ndogo ya utulivu, lakini hotuba yake haikubadilika hata neno. Alikuwa ameikariri njia nzima.

Tena haikuwa kweli yote, naye alijua. Sura moja nyuma, Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu, alimwambia kwa kinywa chake kwamba amewaficha manabii 100 mapangoni, hamsini hamsini, na kuwalisha. Eliya alilisikia hilo. Moyo ulipovunjika, wale mia walifutika kichwani mwake. Mungu alipomjibu alimtajia 7,000.

Kwa hiyo andika lalamiko lako lote bila kulipamba. Likiisha, pigia mstari maneno haya kila yanapotokea: wote, hakuna, kamwe, daima, peke yangu. Mbele ya kila moja andika jina, tarehe au idadi inayolithibitisha. Umeandika “hakuna anayejali”? Ni nani aliyekuuliza hali mwezi uliopita? Ukimpata mmoja, sentensi imeanguka, na inakubidi uandike nyingine iliyo kweli: “Wawili wanajali, lakini mkuu wangu hajawahi kuuliza.” Hiyo inauma bado, ila sasa ni maumivu yenye ukubwa wake halisi.

Kisha tafuta mzizi. Kuvunjika moyo ni kama homa: huja na magonjwa mengi, na dawa ya moja si ya jingine. Aliyechoka hahitaji kutubu, anahitaji kupumzika. Aliyefiwa hahitaji mpango kazi, anahitaji kulia, na watu wa kukaa naye. Aliyeumizwa na maneno ya watu, dawa yake iko hatua ya sita. Asiyeona matunda, hatua ya nne. Anayejilinganisha na mwenzake aliyeanza juzi na sasa anajulikana kila mahali, yeye akubali kwamba huo ni wivu. Nasema hivyo kwa sababu niliuita wangu “mzigo kwa ajili ya kanisa” kwa muda mrefu kabla sijakubali jina lake. Na yupo anayeandamwa na dhambi aliyoificha. Huyo nguvu zake zinaishia kwenye kuficha. Zaburi 32 inasema aliponyamaza, mifupa yake ilichakaa. Aungame kwa Mungu, na kwa mtu mzima wa imani anayeaminika, leo kuliko kesho.

Mara nyingi mizizi ni miwili au mitatu. Anza na ule unaotibika haraka, na karibu kila mara huo ni uchovu.

Hatua ya 3: Lalamika mbele za Mungu kwa utaratibu

Watu wengi wacha Mungu hulalamika kwa kila mtu isipokuwa Mungu. Mbele zake wanavaa sauti ya ibada na kushukuru kwa yote, kisha wanainuka na kumwaga nyongo jikoni. Zaburi zinafundisha kinyume.

Tumia Zaburi ya 13. Ni aya sita tu, na zina sehemu tatu. Aya ya 1 na 2 ni malalamiko: “hata lini” inarudi tena na tena, na aliyelaumiwa wa kwanza si adui, ni Bwana mwenyewe, kwamba amesahau na kuuficha uso wake. Aya ya 3 na 4 ni ombi lililo wazi: angalia, jibu, yatie nuru macho yangu. Aya ya 5 na 6 ni tumaini: “Nami nimezitumainia fadhili zako.” Kati ya aya ya 4 na ya 5 hakuna tulichoambiwa kimebadilika nje. Adui bado yupo.

Andika zaburi yako kwa mpango huo. “Hata lini” nne za kwako, kila moja na jambo lake halisi. Ombi moja, si kumi, linaloweza kujulikana kama limejibiwa au la. Kisha tendo moja la Mungu katika maisha yako unalolikumbuka na tarehe yake. Isome kwa sauti asubuhi kwa siku saba. Kama siku ya tatu sehemu ya mwisho haitoki kinywani, ishia kwenye ombi. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, na bado imewekwa katika kitabu cha sala. Usijilazimishe kufurahi mbele za Mungu aliyekubali sala hiyo.

Hatua ya 4: Tenganisha kilicho chako na kilicho cha Mungu

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo.

Kumtegemea Mungu mara nyingi tunakuzungumza kama hisia: amani fulani kifuani. Mimi naona ni mgawanyo wa majukumu. Kuna mambo nimepewa, na mambo sikupewa, na nikianza kuyabeba ambayo sikupewa nitachoka hata kama ningelala kwa saa kumi kila usiku. Paulo aliugawanya mzigo huo kwa sentensi moja: “Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu.” Na sura inayofuata anataja kipimo cha wakili: aonekane kuwa mwaminifu. Hakutaja idadi.

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika “Nimepewa,” kulia “Sikupewa.” Kwangu mimi ilikuwa hivi. Kushoto: kuandaa somo kabla ya Ijumaa, kufika mapema kuliko wanafunzi, kuwaombea kwa majina, kumpigia simu asiyekuja, kuishi ninayofundisha. Kulia: kama watakuja, kama wataamini, wazazi wao watasemaje, darasa litakuwa na ukubwa gani mwakani, nani atakumbuka kwamba nilikuwepo.

Sasa hesabu kwa ukweli: wiki iliyopita uliwaza zaidi kuhusu upande upi? Mimi karibu mawazo yangu yote yalikuwa kulia. Na aibu iliyonipata ni kwamba upande wa kushoto ulikuwa na mapengo. Nilikuwa nikilia kwa ajili ya mavuno huku sikumpigia simu hata mmoja kati ya waliopotea. Mgawanyo huu unafariji, lakini pia unashitaki, na ndiyo maana nauamini.

Upande wa kulia usiuache kama orodha ya mambo ya kusahau. Kila jambo ligeuze kuwa ombi la sentensi moja, kwa sababu hilo ndilo unaloruhusiwa kulifanyia. Wa kushoto ugeuze kuwa ratiba.

Halafu jiandae kwa muda mrefu. Yeremia anasema katika sura ya 25 kwamba alisema na watu kwa miaka 23, akiamka mapema na kunena, nao hawakusikiliza. Mmisionari Adoniram Judson alifika Burma (Myanmar ya leo) mwaka 1813, na mtu wa kwanza kuamini kwa mahubiri yake alibatizwa mwaka 1819. Na sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna deni letu: mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na ndani ya miezi michache alikuwa amemzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga, naye mwenyewe yu mgonjwa. Mwaka huo huo alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882. Yeye alifariki mwaka 1881.

Husemwa mvumilivu hula mbivu, na mara nyingi ni kweli. Lakini usiifanye methali hiyo kuwa ahadi ya Biblia. Waebrania 11 inataja orodha ya waaminifu kisha inasema wazi kwamba hawakuipokea ahadi. Wagalatia 6:9 inaahidi mavuno “kwa wakati wake,” na saa ya wakati huo haiko mkononi mwetu. Iko upande wa kulia wa ukurasa.

Hatua ya 5: Rudi kazini kwa kipande kidogo

Sasa simama. Maombi yasiyoishia mikononi huoza na kuwa njia ya heshima ya kukwepa.

Soma Nehemia 3, ile sura ya majina ambayo wengi wetu tunairuka. Ukuta wa Yerusalemu haukujengwa na mtu mmoja shujaa. Uligawanywa vipande, na tena na tena imeandikwa kwamba fulani alijenga “kuielekea nyumba yake.” Kipande chako kikiwa mbele ya mlango wako kila asubuhi, huwezi kulala bila kukijenga.

Angalia pia ni lini walikata tamaa. Haikuwa mwanzoni. Katika 4:6 ukuta umefikia nusu ya kimo chake na watu wana moyo wa kazi. Aya nne tu baadaye, wachukuzi wamedhoofika, kifusi ni tele, na Yuda wanasema hawawezi kujenga. Nusu ya safari ndipo pabaya. Ari ya kuanza imeisha, mwisho hauonekani, na kifusi cha kazi yako mwenyewe kinakuzuia kupita. Walipofika hapo, Nehemia aliwapanga upya: watu kwa jamaa zao, nusu wanajenga, nusu wameshika mikuki. Kazi ilikwenda polepole, ila haikusimama. Ilikwisha kwa siku 52.

Hivyo chagua kipande kimoja cha upande wako wa kushoto kinachoweza kumalizika ndani ya nusu saa. Kifanye kila siku, saa ile ile, kwa siku kumi na nne. Usiongeze hata ukijisikia vizuri siku ya nne. Hasa ukijisikia vizuri siku ya nne. Weka alama kwenye kalenda. Siku ukikosa, usilipe deni kwa kufanya mara mbili kesho yake, endelea tu.

Na usishangae moyo ukivunjika tena. Wakati wa Hagai, mwaka 520 kabla ya Kristo, hekalu lilikuwa limesimama kujengwa kwa miaka mingi. Nabii alinena siku ya kwanza ya mwezi wa sita; siku ya ishirini na nne watu walikuwa kazini. Siku 23 tu! Lakini siku ya ishirini na moja ya mwezi wa saba, chini ya mwezi mmoja tangu waanze, ilibidi Hagai atumwe tena, kwa sababu wazee waliolikumbuka hekalu la kwanza walipoliangalia hili la pili, waliliona si kitu. Neno walilopewa mara ya pili lilikuwa lile lile la kwanza: mimi ni pamoja nanyi. Kurudia hatua ya kwanza hadi ya tano baada ya mwezi mmoja hakumaanishi kwamba umeshindwa.

Kuna walioumizwa zaidi ya hapo, ambao kazi yao iliharibiwa kabisa: faili lilipotea, kundi lilisambaratika, jengo liliungua. Kwao kuna Yeremia 36. Mfalme Yehoyakimu alikikata gombo kipande kwa kipande na kukitupa motoni, kazi ya miaka iliyoandikwa kwa mkono wa Baruku, mwandishi wa Yeremia. Bwana alisema: chukua gombo lingine. Wakaandika yote upya, na maneno mengi mengine kama hayo yakaongezwa. Tarehe 11 Machi 1812 kiwanda cha uchapaji cha mmisionari William Carey na wenzake huko Serampore, India, kiliungua pamoja na miswada ya tafsiri ambayo haikuwa na nakala. Walianza upya. Mimi nadhani inafaa kuomboleza kwanza juma zima kabla ya kununua karatasi mpya, lakini karatasi inunuliwe. (Na safari hii weka nakala.)

Hatua ya 6: Maneno ya watu

Tobia, mmoja wa maadui wa Nehemia, alisema mbweha akipanda ukuta ule utaanguka. Nehemia hakumjibu Tobia. Alimwambia Mungu, tena kwa maneno makali, kisha akaendelea kujenga. Baadaye maadui walipomwita wakutane bondeni, alijibu kwamba ana kazi kubwa na hawezi kushuka. Wakamwita mara nne, akajibu mara nne vile vile.

Maneno mabaya yakikufikia, ngoja siku moja. Kisha jiulize mawili: je, kuna ukweli hata kidogo ndani yake, na je, aliyesema anabeba sehemu yoyote ya mzigo? Ukweli ukiwemo, uchukue hata kama umeletwa na adui. Kama haumo, na msemaji hana mkono kazini, andaa jibu moja fupi la adabu na usilibadilishe. Shukrani ya punda ni mateke, wahenga walishasema. Usikae nyuma yake ukisubiri kitu kingine.

Hatua ya 7: Omba msaada ulio na jina

Musa alifikia mahali pa kusema afadhali auawe, katika Hesabu 11. Jibu la Mungu lilikuwa wazee 70. Paulo, aliyeandika mistari mingi ya ujasiri tunayoikariri, anakiri katika 2 Wakorintho 7 kwamba alikuwa ametaabika nje na ndani, na kwamba Mungu alimfariji kwa kuja kwake Tito. Alifarijiwa kwa mtu aliyefika. Na katika barua yake ya pili kwa Timotheo anaomba vitu vinavyoshikika: njoo kabla ya wakati wa baridi, mlete Marko, lete lile joho nililoliacha Troa, na vitabu.

Jifunze kuomba hivyo. “Niombeeni” ni neno zuri lakini halimpi mtu la kufanya Jumanne. Sema: “Naomba ukae na mama Alhamisi alasiri ili nilale.” “Naomba ufundishe darasa Jumapili mbili za mwezi ujao.” “Naomba unipigie kila Jumatatu uniulize kama nimefanya nusu saa yangu.” Andika maombi matatu ya namna hiyo, na majina matatu, na uyatume kabla ya kesho jioni. Mmoja atakataa. Ni kawaida.

Kama huwezi kuendelea hata kwa msaada, kumbuka kijito cha Besori. Watu 600 walitoka na Daudi kuwafuata walioteka jamaa zao. 200 walichoka mno, wakabaki na vyombo. Baadhi ya waliorudi na nyara wakataka kuwanyima. Daudi alikataa, akaifanya kuwa amri: fungu la aliyekaa na vyombo ni sawa na la aliyeshuka vitani. Labda msimu huu wewe ni wa kukaa na vyombo, na hakuna wa kukunyima fungu lako.

Tarehe uliyoiandika ikifika

Sasa unaweza kuamua. Kuacha si dhambi kila wakati. Paulo alizuiwa na Roho kuhubiri Asia na Bithinia, na wanafunzi waliambiwa wapo wakati wa kukung’uta mavumbi ya miguu. Mimi huangalia mambo haya: Je, kazi inanilazimisha kutenda uovu au kuuficha? Je, ninapigwa au kudhulumiwa mwili na roho? Hayo mawili yakiwepo, ondoka, na usimruhusu mtu akuite msaliti wa wito. Je, kazi yenyewe imekwisha na ninashikilia jina tu? Je, nimepewa nyingine, nami nimewauliza watu wawili wanaonijua, wasionipendelea, wakaona vilevile? Lakini kama sababu ni kwamba hakuna matunda bado, au fulani amesema neno, au mwenzangu anasifiwa, ninasogeza tarehe mwezi mmoja mbele na kurudi kwenye nusu saa yangu.

Ile barua ya darasani niliisogeza hivyo mara tatu. Mara ya nne niliitoa kwenye droo nikiwa nimelala vizuri, nikaifuta aya tatu, na ile iliyobaki ilikuwa ombi la kupata msaidizi. Nilipeleka hiyo.

Jambo la mwisho la kufanya, uwe unaendelea au unaondoka, ni hili. Eliya alipotoka pangoni alipewa kazi tatu: amtie mafuta Hazaeli, na Yehu, na Elisha. Fuatilia hadi 2 Wafalme 9 na utaona kwamba katika hizo tatu aliyoifanya kwa mkono wake ni moja, ile ya Elisha. Hazaeli alisikia habari za ufalme wake kutoka kwa Elisha. Yehu alitiwa mafuta na kijana wa manabii aliyetumwa na Elisha huyo huyo. Kwa hiyo chukua ukurasa mpya uandike mambo ambayo mtu mwingine angehitaji kuyajua ili ashike kazi yako: majina, saa, funguo ziko wapi, nani ni mgonjwa, nani anahitaji kupigiwa simu. Kisha juu yake andika jina la mtu mmoja utakayeanza kutembea naye juma lijalo.